Firigisi ya Namba Sita

Shemeji yangu Wakhungu ana bucha hapa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, ukipita tu wauza mabati. Huwezi kuikosa. Bucha zingine zimechora ng'ombe anayecheka ukutani, kana kwamba kuna ng'ombe aliyewahi kuchekea kisu. Ya Wakhungu iko na ubao mweusi wa shule mlangoni, na mgeni akiukaribia akidhani atasoma bei ya nyama, anakuta alama za viungo wa timu ya taifa.

Timu ikicheza leo, kesho asubuhi, kabla mguu wa kwanza haujaning'inizwa, Wakhungu huchukua chaki akaandika. Namba nane, alama saba kwa kumi. Namba kumi, alama sita, apunguze kujiangusha. Golikipa hayumo. Mabeki hawamo. Mastraika hawatajwi hata kwa bahati mbaya. Siku moja Munguti, fundi wa kuchonga mawe ambaye hunywa supu hapo akitoka timboni akiwa mweupe kwa vumbi kama mandazi yasiyokaangwa, alimuuliza kwa nini anabagua wachezaji.

"Golikipa anapimwa na nyavu," Wakhungu akamwambia. "Straika anapimwa na magoli. Beki akikosea, nchi nzima inamwona. Lakini kiungo, nani atampima? Anaweza kuzunguka pale katikati dakika tisini, jezi imelowa, watu wanampigia makofi, kumbe hakuna kitu amefanya. Huyo anahitaji mtu kama mimi."

"Na wewe ulipimwa na nani?"

"Kunywa supu."

Nikuambie ukweli, anajua. Anayejua zaidi ni mimi, maana nilivaa namba kumi ya lokesheni yetu kule magharibi mpaka goti likakataa, na waliokuwepo watakuambia uwanja ule haujapona tangu nilipoondoka. Shule niliiachia darasa la saba, tena shule ndiyo iliyolia. Lakini tumpe Wakhungu haki yake. Ujuzi wake aliutoa mnadani Bissil, anakonunua fahali kwa Wamaasai. Akifika anawasalimu wazee kwao, "sopa", halafu hasemi tena. Haangalii mbavu, haangalii pembe. Anaangalia shingo. Mnyama mzima, anasema, hugeuza kichwa kabla hujamfikia. Yule anayengoja umguse ndiyo ashtuke, mwache hapo hapo, ana kitu ndani. Basi na kiungo ni vivyo hivyo. Mpira ukiwa bado uko njiani kumfikia, shingo yake inafanya nini? Ameshajua nani yuko nyuma yake, ama anangoja kuguswa? Ndiyo maana televisheni ya bucha huwa haina sauti. Mtangazaji, anasema Wakhungu, anakuonyesha mpira, na mpira ndio kitu cha mwisho cha kuangalia.

Mbinu anazifundisha juu ya kaunta. Mbavu nne ni mabeki. Figo mbili mbele yao ni viungo wa kukaba. Kipande cha ini ni namba kumi. Wateja wanangoja na mifuko yao huku figo ya kushoto ikipanda na ya kulia ikibaki. Kuna jioni Munguti aliharakishwa na njaa, akanunua namba kumi na kwenda naye. Wakhungu akaangalia lile pengo juu ya kaunta akasema, "Hivi ndivyo kocha wetu anavyopanga."

Sasa kulikuwa na mtu mmoja ambaye alama zake hazikuwahi kupita mbili. Namba sita, kijana anaitwa Kiama, wa watu wa Kona Baridi. Kazi ya namba sita, kwa wewe uliyekuwa ukitoroka michezo shuleni, ni kukaa mbele ya mabeki, kuzima moto wa wapinzani, kisha kuanzisha mashambulizi. Kuzima moto aliweza. Shida ilikuwa akishaupata mpira. Aliurudisha. Akipewa na beki wa kushoto, anamrudishia beki wa kushoto. Akipewa na golikipa, anamrudishia golikipa pamoja na salamu.

"Huyu ni mtu wa posta," Wakhungu alikuwa akisema. "Barua zote anampelekea aliyeandika."

Mtaa mzima ukazoea. Mtoto akifeli hesabu, mamake anamwambia, umekuwa namba sita wa Wakhungu.

Naliaka ni binti wa kwanza wa Wakhungu, mpwa wangu. Anafundisha chekechea, na kanisani ndiye anayeanzisha nyimbo. Huko kwenye kwaya ndiko alikopata mtu. Alimficha kwa muda mrefu sana, na si kwa kuona haya. Alikuwa anangoja alama zipande.

Hazikupanda. Ikabidi amwambie mamake, yaani dada yangu Immaculate. Immaculate akaniambia mimi, na mimi nikapewa kazi ya kumwambia Wakhungu, kwa sababu katika ukoo wetu mwenye ulimi ni mmoja tu na mnamjua. Nilimkuta anapasua mifupa.

"Shemeji, Naliaka amepata mchumba."

"Wa wapi?"

"Kona Baridi. Mkristo. Ana kazi."

"Kazi gani?"

"Tuseme ya taifa. Anavaa sare."

"Askari?"

"Analinda."

Wakhungu akaweka shoka chini. "Analinda wapi?"

"Katikati," nikasema.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja, akaangalia lori la mawe lililokuwa linapita mpaka likaisha machoni. Halafu akasema neno moja.

"Atamrudisha."

Mwanzoni nilicheka. Kisha nikamkumbuka dada yake mkubwa. Zamani, Wakhungu akiwa kijana, dada huyo aliolewa kwa vigelegele, na haikupita muda akarudishwa kwao na sanduku lake, bila hata mtu wa kumsindikiza. Wakhungu ndiye aliyelibeba sanduku lile kutoka stejini, majirani wamesimama kwa ua wakiangalia. Mtu aliyebeba sanduku kama hilo hawezi kuona kitu kikirudishwa nyuma akatulia. Nikaacha kucheka. Nilijua sasa kwamba kijana hana shida na alama mbili. Ana shida na sanduku.

Hata hivyo wageni hawakatazwi, na watu wa Kona Baridi walishasema watakuja Jumamosi kuuliza binti. Jumapili iliyotangulia timu ya taifa ilicheza, Kiama akarudisha mipira mpaka golikipa akachoka kuwa rafiki yake. Jumatatu ubao ukasema: Namba 6, alama 2, mpira hauumi. Immaculate alimwomba mumewe aufute kabla ya Jumamosi.

"Alama hazifutwi kwa sababu ya wageni," Wakhungu akasema. "Hata mwalimu wa Naliaka hakuwa anafuta, na nilikuwa namletea maini."

Ijumaa aliniita nyuma ya bucha. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata ng'ombe mzuri kwa bei ya mbuzi.

"Kesho nitampa firigisi."

Niliacha kutafuna. Nieleze kwa faida ya watu wa Kona Baridi na wengine wasiojua kula. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Hata akiwa safarini anawekewa. Watoto huiona kwa ndoto. Mwenye nyumba akimpa mgeni, huo ni uzito ambao si kila shingo inaubeba.

"Akiila mbele yangu," Wakhungu akaendelea, "amejifanya baba wa nyumba hii kabla hajapewa hata chai. Heshima hana, aende. Akinirudishia, vizuri pia. Wazee wake wote watakuwa wameona anachofanya na kitu akikabidhiwa. Aende."

"Na akiikata mimi na wewe tugawane naye?"

"Firigisi haikatwi mezani kwangu. Wewe unajua."

Nilijua. Nilienda kwa Immaculate jikoni nikamwambia mtego wote. Tukafikiria kumwonya kijana, lakini tungemwambia nini? Kula ni kosa, kurudisha ni kosa. Naliaka alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Aliipangusa ile sahani mpaka nikaogopa itatoboka.

"Kaka," Immaculate akasema, "wewe si husema ulikuwa namba kumi? Basi kesho utacheza."

"Nicheze vipi?"

"Sijui. Mimi napika."

Jumamosi wakaja. Mbele alikuwa mzee Bedan, mjomba wa kijana na msemaji wao, amevaa kofia na koti zito kwa jua la Kitengela, maana mtu wa Kona Baridi haamini kuna mahali hakuna baridi. Nyuma yake shangazi Mumbi, mama mpana mwenye kicheko tayari. Halafu Kiama mwenyewe, mrefu, mpole, viatu vimeng'arishwa na udongo mweusi wetu umeshavishika. Walikuwa wamepotea kidogo wakaelekezwa mpaka kwa bucha, na kutoka bucha mpaka nyumbani. Unaelewa maana yake. Walipita kwa ubao.

Mumbi hakungoja hata kukaa vizuri.

"Baba Naliaka, tumesoma mtihani wa mtoto wetu pale nje," akasema. "Tulitaka kujua kama kuna masomo ya jioni."

"Yapo, mama. Lakini mwanafunzi lazima atake."

"Anataka, ndiyo huyu amekuja mpaka kwa mwalimu."

Bedan akakohoa, akaanza habari za mvua na mahindi kama mtu anayeficha mlango kwa pazia. Kiama aliangalia magoti yake. Nilimhurumia, na mimi si mtu wa huruma za haraka.

Wakati wa chakula tulipangwa hivi. Wakhungu kwenye kiti chake cha mikono, kichwani mwa meza. Mimi kwenye sofa karibu naye, nimebanwa na Bedan na koti lake. Mumbi upande ule mwingine na Immaculate. Kiama kwenye kistuli, mgongo kwa mlango, mbele ya Wakhungu kabisa, mahali pa mshtakiwa. Naliaka alileta maji ya kunawa. Alipofika kwa Kiama maji yalimwagika kidogo kwa zulia, na Wakhungu akaliona hilo pia, maana hakuna kitu hakioni.

Tukaomba. Ugali ukafunuliwa, kuku akafunuliwa. Nikaona mkono wa Wakhungu unaelekea kwenye bakuli.

Hapo, msomaji, damu ya namba kumi ikaamka. Nilijiangalia nilipo. Nimekabwa. Kushoto Wakhungu, kulia koti la Bedan. Hata ungekuwa mchezaji wa namna gani, huwezi kunipa kitu pale. Lakini kwenye kona ya meza, karibu na dirisha, kulikuwa na kiti cha plastiki, kitupu, hakuna mtu upande huu wala upande ule.

"Mguu umelala," nikasema, nikainuka, nikaenda kukaa pale.

"Sasa hivi?" Wakhungu akauliza.

"Mguu haupangi saa, shemeji."

Nilipoketi niliinua macho, na nikaona kitu. Kijiko cha Wakhungu kilikuwa bado hewani, firigisi juu yake, na shingo ya yule kijana ilikuwa imeshageuka. Kulia. Kushoto. Nyuma kidogo, kwa mlango. Akarudi mbele. Ilikuwa haraka hivi kwamba mwingine angedhani anafukuza nzi. Firigisi ikatua kwenye sahani yake.

"Kula, kijana wangu," Wakhungu akasema kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia kwake, na nimekula kwake miaka mingi. "Leo hiyo nakupa wewe."

Naliaka alisimama na jagi, hakuliweka chini. Bedan na Mumbi walitabasamu, maskini, wakidhani mambo ni mazuri.

Kiama alisema, "Asante sana, baba." Akaisukuma ile sahani. Haikurudi kwa Wakhungu. Haikubaki kwake. Ilipita kati ya kiwiko cha Bedan na chupa ya chai, ikazunguka bakuli la mboga bila kuligusa, ikanifikia mimi pale dirishani, upande wa mkono wa kulia, na mimi ni mtu wa kulia.

"Karibu, mjomba," akasema.

Watu wengine wangeshukuru kwanza. Mimi najua kazi ya aliyepewa nafasi. Niliitia mdomoni nikaimeza kabla mtu hajapata wazo.

Wakhungu aliniangalia mimi, akaangalia sahani, akaangalia kijana, na nikajua anatafuta kosa. Hakulipata. Kwetu mjomba wa binti hanyimwi kitu siku kama ile. Akiondoka na njaa au na kinyongo, binti hatoki kwa amani. Kijana hakula heshima ya baba, hakuirudisha heshima ya baba, na aliyeipata ndiye mtu pekee katika nyumba ile ambaye Wakhungu hawezi kumfungulia mdomo.

"Kwa nini umempa huyu?" Wakhungu akauliza mwishowe.

Nilijaribu kumfanyia kijana ishara aseme ni kwa heshima ya mila za watu wa magharibi. Hakuniangalia.

"Alikuwa peke yake, baba. Hakuwa na mtu karibu."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Wote mlikuwa mmekabwa."

Mumbi akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Wakhungu akaegemea mbele.

"Kumbe unaona. Sasa kama unaona, Jumapili ulikuwa na macho gani?"

Kiama alijibu polepole, bila kiburi, kama mtu anayeeleza njia.

"Jumapili hakuna mtu alihama kiti, baba. Namba kumi alikuwa amesimama nyuma ya mtu wao. Namba nane hivyo hivyo. Ukimpa mtu aliyekabwa, umemtupia yeye shida, na mpira umeenda. Mimi naurudisha ndiyo tuanze tena, wasogee."

"Na wasiposogea?"

"Naandikiwa mbili."

Nakuambia hata Immaculate alifunika mdomo. Lakini Wakhungu hakucheka. Nilimwona anaicheza ile Jumapili kichwani mwake upya, mpira baada ya mpira, televisheni bila sauti, na safari hii hamwangalii namba sita. Anawaangalia wale wengine. Ilichukua muda. Ugali wangu ulipoa, na mimi si mtu wa kuacha ugali upoe.

Kisha akauliza swali lake lenyewe, lile lililokuwa chini ya maswali yote, na sauti haikuwa tamu tena. Ilikuwa yake.

"Na binti yangu? Siku mambo yakiwa magumu huko kwenu, utamrudisha?"

Naliaka aliweka jagi chini. Bedan akafungua mdomo ajibu kama msemaji, Mumbi akamfinya.

"Atakuja hapa mara nyingi, baba," Kiama akasema. "Anawapenda, na mimi siwezi kumzuia. Lakini akija nitakuwa nimekuja naye, na tutarudi pamoja. Hata mpira nikiurudisha sitoki uwanjani. Nasogea niupate tena."

Wakhungu alimtazama Naliaka. Sijui walisemezana nini kwa macho, maana hayo si maneno ya mjomba. Ninachojua ni kwamba alichukua paja la kuku, lile kubwa, akamwekea kijana kwenye sahani nyingine.

"Hiyo sasa kula mwenyewe," akasema. "Usimpe mtu."

Immaculate akatoka haraka kwenda jikoni, ati anaangalia mboga. Mboga zote zilikuwa mezani.

Bedan ndiye aliyeelewa kwamba mlango umefunguliwa. Akavua kofia, akafuta paji, akasema kwa adabu zote kwamba watu wake wako tayari kusikia desturi za nyumba hii, nani anapewa nini, ili wasikosee. Wakhungu akataja ya mama, akataja ya bibi, akataja ya kanisa.

"Na mjomba?" Bedan akauliza, akinielekezea mkono. "Huyu aliyetusaidia. Kwenu mjomba hupewa nini?"

Nikajiweka sawa kwenye kiti cha plastiki, nikafunga kifungo cha koti.

"Mjomba kwetu hupewa ng'ombe mzima," Wakhungu akasema. Halafu akaniangalia, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nikaona meno yake. "Lakini huyu wetu ameshakula."

"Shemeji," nikasema, "ile ilikuwa firigisi."

"Si umeimeza mbele ya mashahidi? Hata hukutafuna."

Bedan, mtu wa mashamba, hakungoja aambiwe mara mbili. Alisema, basi, la mjomba limekwisha, twende mbele. Mumbi akapiga makofi. Naliaka alikuja akanimiminia chai, akaongeza sukari bila kuuliza, akanibusu kichwani hapo penye upara, akaenda kukaa karibu na mtu wake. Nilibaki pale dirishani, peke yangu, bila mtu karibu, nikingoja mtu yeyote anipe kitu.